Safu ya Watoto

Siku Habibo aliposomewa mbele ya kijiji kizima cha Kinna kwamba hana mtoto, watoto wake walikuwa wamesimama nyuma yake, wameshika kamba walizokuja nazo za kufungia mbuzi.

Jane Nakal hakuwepo. Alikuwa Isiolo, katika ofisi ya mradi, amekaa mbele ya kompyuta akitayarisha mgao wa mbuzi utakaofuata, wa Garbatulla. Habari ilimfikia kesho yake asubuhi, na aliyeileta ni Habibo mwenyewe. Alikuwa amepanda lori la mahindi kutoka Kinna, akashuka sokoni, akauliza njia kwa kila aliyekutana naye, na aliposimama mlangoni alikuwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Salaam aleikum, Mama Jirma!" Jane alisema, akainuka kwa furaha. Yeye ni Mturkana na Mkristo, lakini alizaliwa mtaa wa Bulla Pesa hapo Isiolo, kati ya Waislamu, na salamu hiyo aliijua kabla hajajua kusoma. "Karibu, keti. Umefika saa ngapi?"

Habibo hakuitikia. Hapo ndipo Jane alipojua kuna jambo zito, maana mama yule hakuwa mtu wa kuiacha salamu ianguke chini.

"Nimekuja kukuangalia uso," Habibo alisema. "Nimesema nitapanda lori niende nikaone uso wa msichana aliyekaa kwangu, nikamkalisha kwenye kigoda changu, halafu akaenda kuniandika tasa."

"Tasa? Nani amekuandika tasa?"

"Karani wenu amesoma karatasi. Habibo wa Kinna, watoto sifuri, mbuzi sifuri. Watu wakanyamaza. Jirma akaniuliza, 'Mama, sisi ni wa nani?' Nimjibu nini? Wewe unayejua kuandika, nipe jibu nimpelekee."

 Jane aliikumbuka vizuri nyumba ya Habibo. Ukame wa mwaka wa themanini na nne ulikuwa umemaliza ng'ombe na mbuzi wa watu wengi, na sasa, miaka miwili baadaye, mradi uliahidi kuwarudishia mbuzi wa maziwa, mmoja kwa kila mtoto. Jane ndiye aliyetumwa kuzunguka Kinna nyumba kwa nyumba kuandika watu. Habibo alimfukuzia mbuzi wa jirani aliyekuwa akitafuna pembe ya karatasi zake, akasogeza kigoda kila jua liliposogea ili mgeni abaki kivulini. Mwenyewe alikaa juani muda wote huo wala hakulalamika.

Lakini alipoulizwa ana watoto wangapi, alifunga mdomo.

Wamama wengi wa Kinna walifanya vivyo hivyo. Kwao Waborana mtoto hahesabiwi. Ukiwaweka watoto kwenye hesabu umewaonyesha kwa kila lililo baya, na likija litajua pa kuanzia. Makarani waliowahi kupita pale waliwafokea wamama hao, wakawaita washamba. Jane hakuweza kumfokea mtu anayemhamishia kigoda. Alisema, "Basi, mama, usihesabu. Nitajie majina tu, nami naahidi sitaweka hesabu juu yao." Habibo akataja majina polepole, na Jane akayaandika kama yalivyotoka kinywani.

Na aliporudi ofisini aliyachapa vilevile. Kila nyumba ilikuwa na kisanduku chake kwenye kompyuta, na ndani yake maneno. Kwa wengine kulikuwa na maneno kama "mume yupo, watoto 6, mbuzi 2 wamebaki." Kwa Habibo aliandika: "mjane, watoto Jirma, Halake, Ado, Kabale na wa mgongoni, mbuzi hakuna."

"Mimi sikuandika hivyo," Jane alisema. "Njoo, mama. Njoo uone mwenyewe."

"Nione nini? Mimi sijui kusoma."

"Basi nitakusomea."

Aligeukia kioo chenye herufi za kijani, akabonyeza kitufe cha mshale kushuka hadi jina la Habibo. Maneno yake yalikuwepo, hayajaguswa. Lakini kando yake kulikuwa na safu mpya ambayo hakuiweka yeye. Juu ya safu hiyo mtu alikuwa ameandika WATOTO, na kwenye mstari wa Habibo kulikuwa na 0. Jane akashuka zaidi. Mama Guracha, 0. Mama Dabaso, 0. Kila mama aliyetaja majina alikuwa na 0.

Alirudi kwa Habibo, akaegesha mwanga wa kuchagulia juu ya ile sifuri, na pale juu ya kioo, mahali kompyuta inapoonyesha kilichofichwa ndani ya kisanduku, akaona fomula. Jane alikuwa amepelekwa Nairobi kujifunza mashine hiyo, kwa hiyo aliisoma kama mtu anavyosoma barua. Fomula iliambiwa hivi: tafuta neno "watoto" katika maneno ya kisanduku. Liruke. Chukua herufi mbili zinazofuata, uzigeuze kuwa namba. Palipoandikwa "watoto 6" ilitoa 6, safi kabisa. Palipoandikwa "watoto Jirma" ilichukua nafasi tupu na "J", na "J" haigeuki namba hata ukiilazimisha namna gani.

Mpaka hapo Jane aliona ni kosa la kawaida. Kilichompandisha hasira ni maneno yaliyozungushiwa fomula ile, mwanzoni na mwishoni: ukishindwa, weka sifuri.

Alisoma mara ya pili.

Dualeh, mkubwa wa ofisi, aliingia wakati huohuo na chupa ya chai mkononi. Alikuwa Msomali wa hapahapa Isiolo, babu yake aliletwa na jeshi la Waingereza, na yeye alikuwa amesoma mpaka chuo kikuu. Kompyuta ile aliililia miezi mingi kabla wafadhili hawajaituma.

"Salaam aleikum, mama," alimwambia Habibo. Naye pia hakuitikiwa. Akaona vumbi lililomjaa, akaweka chupa chini, akaigeuza feni iliyokuwa ikielekea mezani kwake imwelekee mgeni. "Kuna nini?"

"Ni wewe uliyeweka safu hii?" Jane aliuliza.

"Ndiyo. Ulipokuwa Garbatulla. Ulinijazia maneno matupu, Jane. Nairobi wanataka jumla ya watoto Ijumaa. Ningeketi nikisoma nyumba moja moja mpaka lini? Nikaifanya mashine ichomoe namba yenyewe."

"Na pale isipopata namba?"

"Ilikuwa inaandika ERR."

"Yaani inasema imeshindwa."

"Inasema imeshindwa, halafu jumla ya chini nayo inaandika ERR. Kisanduku kimoja kikishindwa, jumla nzima inaharibika. Unajua hivyo. Nitawapelekea wafadhili karatasi iliyoandikwa ERR?"

"Kwa hiyo ukaiziba mdomo."

"Punguza sauti, dada."

"Sipunguzi!" Jane hakuwahi kumpazia sauti mkubwa wake, na mwenyewe alishtuka kuisikia, lakini hakuirudisha. "Mashine ilikuwa imekwambia ukweli. Ilikwambia, hapa sijui. Ukaona aibu kupeleka 'sijui' Nairobi, ukaifundisha kusema hakuna. Huyu hapa ni 'hakuna' wako, Bwana Dualeh. Amekuja kwa lori. Mtazame!"

Dualeh hakumtazama. Alifungua chupa ya chai, akaifunga tena.

"Yeye ni nani?"

"Mimi ni tasa wa Kinna," Habibo alisema. "Nimesikia unanitafutia watoto hujawaona. Nimekuja nikusaidie."

Dereva wa ofisi, Lotukoi, aliyekuwa akisafisha kioo cha gari nje ya dirisha, aliacha kupangusa. Hakuondoka pale tena.

Dualeh alivuta kiti, akakaa, akasema kwa upole, "Mama, jambo hili ni dogo. Niambie una watoto wangapi. Namba moja tu. Nitaiandika sasa hivi, na mbuzi wako utapata."

"Sisemi."

"Mbuzi waliobaki wanapakiwa kesho kwenda Garbatulla. Wakishaondoka sina wengine. Unanisikia? Sina."

"Nakusikia. Sisemi."

"Basi, Jane, majina si unayo? Yahesabu."

Jane alikuwa tayari ameinua kidole kuelekea kioo. Hasira ilimsahaulisha ahadi yake. Jirma, alisema moyoni, na kidole kikasogea kwa Halake, na kabla hakijafika jina la tatu Habibo alimpiga kofi mkononi, kofi kali la mama, kidole kikaanguka.

"Uliniahidi nini wewe?"

"Mama, nataka upate mbuzi..."

"Haya, soma. Soma kwa sauti umalize. Baada ya Halake ni nani?"

"Ado."

"Ado yuko chini ya ardhi." Habibo alisema hivyo bila kupunguza ukali wowote. "Alikufa njaa ile. Tulikuwa kwenye foleni ya unga, mtu mwenye kalamu akasema mama, taja hesabu au utoke kwenye mstari. Nikataja. Mara moja tu maishani mwangu nimetaja. Mwezi haukuisha, Ado akaenda. Sasa mtamhesabu tena? Mtampa mbuzi afanye naye nini?"

"Lakini ulimtaja," Jane alisema. "Uliponitajia watoto wako, na yeye ulimtaja."

"Uliniuliza watoto wangu ni akina nani. Ado si mtoto wangu?"

Feni ilikuwa ikizunguka. Jane alitazama maneno aliyoyachapa kwa mikono yake, akaona kwamba hata fomula iliyotungwa vizuri kuliko zote, ya kuhesabu majina badala ya kuchomoa namba, ingetoa jibu la uongo. Wa mgongoni hakuwa na jina. Ado alikuwa na jina na hakuwa na mdomo. Hesabu haikuwepo katika maneno yale. Ilikuwa Kinna.

Dualeh alisimama ghafla, kiti kikalia.

"Basi mnataka nifanye nini?" Sasa naye alikuwa amekasirika kweli. "Mnadhani sijui mila hii? Mamangu ni Asho, mwulize mtu yeyote Bulla Pesa. Mwaka wa njaa nikiwa mdogo walikuja watu wa kugawa unga, wakamwuliza mko wangapi. Akasema, 'Tuko.' Hivyo tu. Tuko! Wakampimia unga wa watu wawili. Tulilala tukitafuna kamba za ngozi, mama, kwa sababu ya neno hilo. Nikaapa, nikikua, kila mtoto wa nchi hii ataandikwa kwa namba, ili asije mtu akasema hakumwona. Nimefanya kosa gani?"

Habibo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogea karibu naye, akauliza, "Na kijiko cha unga kilikuwa mkononi mwa nani?"

"Nini?"

"Nakuuliza. Aliyewapimia kidogo ni Asho au ni mwenye kijiko? Mlikuwa mmesimama pale mbele yake. Hakuwa na macho? Unamlaumu mamako miaka yote hiyo, na aliyewanyima unga unamwiga."



Jane alirudi kwenye kompyuta. Hakuomba ruhusa. Aliegesha mwanga kwenye safu ya watoto, akaifuta ile sehemu ya "ukishindwa, weka sifuri", akaacha sehemu nyingine ya fomula kama ilivyokuwa, akainakili kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Palipokuwa na namba, namba zilibaki. Penye sifuri za wamama wa Kinna, moja baada ya nyingine, palitokea ERR. Chini kabisa, mahali pa jumla iliyokuwa ikisubiriwa Nairobi, napo pakaandikwa ERR.

"Jane," Dualeh alisema. "Jane, umeniharibia kazi."

"Nimeirudisha ilivyokuwa."

"Naweza kukufukuza leo."

"Nifukuze. Lakini huyu mama anarudi Kinna na mbuzi, na wenzake wote wenye alama hiyo. Ukitaka kuiondoa, nenda ukawaone watoto kwa macho. Ukirudi hujawaona nikakuta sifuri tena pale, nitapanda lori hilohilo la mahindi niende Nairobi niwaeleze hao wafadhili sifuri zao zimetoka wapi."

Lotukoi alikohoa dirishani. "Bwana mkubwa," alisema, "gari lina mafuta ya kutosha kufika Kinna. Ya kurudi tutazozana tukiwa hukohuko."

Dualeh alikitazama kioo kwa muda mrefu, safu ile yenye ERR kila mahali, kama mtu anayeangalia shamba lake limeingiliwa na ng'ombe. Kisha akachukua kofia yake.

"Garbatulla watangoja siku moja," alisema. "Pakieni."

Walifika Kinna kesho yake jua likiwa kali. Njiani Habibo alikaa mbele na dereva, na katika safari yote hiyo mbovu hakusema na Jane neno lolote. Lotukoi alimpa koti lake akunje aketie, kwa sababu chuma cha kiti kilikuwa kimetokeza, na hilo alilipokea.

Watu walikusanyika walipoona lori la mbuzi nyuma ya gari. Wamama wenyewe hawakuhitaji kuitwa. Walikuja wamekunja nyuso, na watoto wao nyuma. Dualeh alisimama mbele yao, akavua kofia. Kiborana chake kilikuwa cha mjini, cha kununulia maziwa sokoni, lakini alikitumia.

"Karatasi ilisema uongo juu ya wamama hawa," alisema. "Karani alisoma alichopewa. Mimi ndiye niliyempa. Nimekosa."

Alingoja. Labda alitegemea mtu aseme yameisha.

"Leo mashine yako imeugua?" mama mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Imebaki Isiolo."

"Afadhali. Ingeona jua hili ingesema hakuna jua."

Wanawake wakacheka, kicheko kifupi kisicho na urafiki. Dualeh alikipokea akiwa amesimama wima. Jane, aliyekuwa bado na hasira naye, aliona shingo yake imelowa jasho, na akaona pia kwamba hakutafuta kivuli.

Mgao ulifanywa hivi, na ni Habibo aliyeupanga, kwa kuelekeza mkono tu. Mama alisimama. Watoto wake wakaenda wenyewe mpaka kwenye lori, na kila aliyefika akapewa mbuzi mkononi. Walipokwisha watoto, walikwisha mbuzi wa nyumba hiyo. Hapakuwa na aliyeuliza wangapi, wala aliyejibu. Karani alikaa pembeni na kalamu, Dualeh akamwambia aandike mbuzi wanaotoka kwenye lori na asiandike kitu kingine.

Zamu ya Habibo ilipofika, Jirma alikwenda wa kwanza, kifua mbele, akachukua mbuzi mwekundu aliyekuwa amemchagua kwa macho tangu lori lisimame. Halake akafuata. Kabale, mdogo, akatembea akigeuka nyuma kila hatua kumtazama mamake. Kisha Habibo mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni amelala, akaja kuchukua wa mtoto huyo. Lotukoi, aliyekuwa juu ya lori, alishika mwingine tena kwa pembe, akawa anaangalia nani anakuja.

"Huyo mwache," Habibo alisema. "Wamekwisha."

Lotukoi akamwachia mbuzi, akageuka kando. Jane alitazama chini.

Alitamani kumwendea Habibo, amwambie kitu, hata kama ni neno moja tu. Alikwenda hatua chache. Habibo alimwona akija.

"Mimi na wewe bado," alimwambia. "Wewe uliniahidi, na kidole chako nilikiona. Siku nyingine nitakusikiliza. Leo sina nafasi."

"Sawa, Mama Jirma," Jane alisema, akasimama palepale.

Nyuma yao mtoto alianza kulia. Mbuzi wa Kabale alikuwa mkubwa kuliko yeye na alikuwa amechoka na lori. Alimburura mtoto mavumbini, kamba ikamponyoka, akakimbia kuelekea barabarani. Wanaume waliokuwa karibu walitazama tu. Dualeh ndiye aliyekimbia, na viatu vyake vya ofisi, kofia ikaanguka, akamfukuza mbuzi kuzunguka ghala mpaka akamkamata mguu mmoja wa nyuma. Mbuzi alipiga kelele kama anachinjwa. Dualeh akajaribu kumbeba, akamkumbatia shingoni, na wote wawili wakapepesuka.

Habibo alimtazama akija hivyo, suruali imejaa vumbi, anahema, mbuzi amemning'inia kifuani. Hasira haikumtoka usoni.

"Utamnyonga," alisema. "Mkono mmoja chini ya tumbo. Chini ya tumbo, nimesema. Huyo ni wa mtoto."

Dualeh akabadilisha mkono.